Kijana wa Vitz Alipoacha Kuja

Kijana wa Vitz alikuja mara tatu kwenye mashindano yetu ya magari. Mara ya nne nilimwandalia karatasi yake, namba 27, nikaiwekea jiwe juu isipeperuke, nikasubiri mpaka saa nne na nusu. Hakutokea. Mwezi uliofuata vilevile. Nilipokutana naye soko la Kilombero nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa heshima zote: "Dada, nimeona ule mchezo si wa magari kama langu."

Jibu lile lilinichoma, kwa sababu mimi ndiye niliyempangia kundi.

Kazi yangu ni kuuza spea hapa Arusha. Pembeni, kwa miaka sita sasa, nashika saa na kupanga makundi katika mashindano madogo tunayofanya sisi kwa sisi nje kidogo ya mji, upande wa Kisongo. Mwenye shamba hutufungia barabara yake ya ndani, kilomita mbili kasoro, nusu lami ya zamani na nusu moram. Magari yanaondoka moja moja, dakika mbili kati ya moja na jingine ili vumbi litue, na kila dereva anashindana na saa. Kofia ngumu ni lazima, gari la wagonjwa lipo, polisi wana taarifa. Hayo hayana mjadala kwetu. Kinachotugombanisha ni makundi.

Mwanzoni tulifanya kama wengi wanavyofanya: tulisoma kadi ya gari. Chini ya cc 1500 kundi la kwanza, 1500 hadi 2000 la pili, juu ya hapo la tatu. Tuliona ni haki tupu, maana cc zimeandikwa na serikali, nani atabisha? Kumbe ndani ya kundi la kwanza nilikuwa nimeweka Vitz RS ya yule kijana, cc 1496, yenye nguvu ya farasi kama 110, pamoja na Starlet ya turbo ya mwalimu mmoja mstaafu, cc 1331, farasi 135, tena nyepesi kuliko Vitz. Kwenye karatasi Starlet ndiyo ndogo. Barabarani ilikuwa inampita kijana kwa sekunde tisa, kila mwezi, na hakuna alichoweza kufanya. Angeendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha maishani, bado angeshindwa kwa sekunde saba.

Jambo hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wengi hawalioni. Cc ni ukubwa wa nafasi ya kuvutia hewa. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo nafasi ileile inabeba hewa nyingi zaidi na mafuta mengi zaidi. Ukipima injini mbili kwa cc, moja ina turbo na nyingine haina, ni sawa na kupima magunia mawili kwa urefu wakati moja limeshindiliwa na jingine limejazwa kwa mkono.

FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, wana dawa ya siku nyingi. Katika kanuni zao nyingi, cc za injini ya petroli yenye turbo huzidishwa kwa 1.7 kabla ya gari kupangiwa kundi. Nilichukua kalamu: 1331 mara 1.7 ni 2263. Starlet ya mwalimu ikaruka kutoka kundi la kwanza hadi la tatu kwa siku moja. Nililala nimefurahi.

Kundi la tatu lilikuwa na Subaru Impreza nne za turbo. Hesabu ileile inazipa cc 3390, na zote zinavuta kwa magurudumu manne. Kwenye moram zinaondoka kama zimefungwa kamba mbele. Mwalimu alimaliza wa tano kati ya watano, akaja mezani taratibu akiwa ameshika kofia yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mwezi jana nilikuwa naonea watoto, nakiri. Leo umenitupa mimi nionewe. Hakuna mahali katikati?"

Hapakuwa na mahali katikati. Nilikuwa nimeliondoa jeraha kwa kijana na kulihamishia kwa mzee, na kijana mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Kundi la pili nalo lilikuwa na yake. Humo kulikuwa na Altezza na Mark II GX100, zote cc 2000 kasoro kidogo. Injini za mwanzo za GX100 zina farasi 140. Altezza ya RS200 ina 210. Tofauti ya farasi 70 ndani ya kundi moja! Na usidhani jina Altezza linatosha. Kuna AS200, bodi ileile, taa zilezile za nyuma ambazo kila mtu anazijua, lakini ina injini ya pistoni sita yenye farasi 160. Ile ya pistoni nne ndiyo yenye 210. Watu husikia pistoni sita wakadhani ndiyo kali zaidi. Tangu nilipolijua hilo, sipangi gari kabla ya kufungua boneti na kusoma namba ya injini kwa macho yangu. Nimeshakutana na gari ambalo kadi inasema hivi, beji ya nyuma inasema vile, na injini iliyomo ndani ni ya tatu.

Tukaitisha kikao. Kamati ilikuwa na watu watano, na wanne kati yao walikuwa na magari yanayoshindana. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake: wa Subaru alitaka tupime kwa uzito peke yake, wa Altezza alitaka tuache cc kama zilivyo, na mmoja akapendekeza tupange kwa bei ya gari. Pendekezo la bei lilichekwa, lakini mimi sikucheka, kwa sababu lina historia hapa kwetu. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani na si kwa cc. Wakati ule lilikuwa wazo la maana, maana magari yalinunuliwa mapya na mnunuzi alitaka kujua kwa fedha yake atapata gari la namna gani. Sisi tunanunua magari yaliyotumika, na bei yake inabeba ushuru, umri, rangi, na shida ya anayeuza. Bei haiwezi kutupimia kitu.

Nililolisimamia kwenye kikao kile, na bado nalisimamia, ni kwamba mwenye gari linaloshindana asiwe na kura kwenye makundi. Aseme, asikilizwe, apewe soda, lakini asipige kura. Walinuna wiki mbili.

Kisha tukaenda mizani. Kuna godauni la mahindi linalotuazima mizani yake ya malori asubuhi kabla ya kazi. Ile mizani inasoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo kwa gari dogo si sahihi sana, lakini inamtendea kila mtu vilevile. Starlet ya mwalimu, tangi nusu, bila dereva, ilisoma 860. Altezza ya pistoni nne ilisoma 1360. Ukigawa kwa farasi, Starlet inabeba kilo 6.4 kwa kila farasi mmoja, Altezza kilo 6.5. Karibu sawasawa! Nikasema hapa ndipo penyewe, mwalimu amepata mwenzake. Nikawaweka kundi moja.

Hawakuwa sawa. Starlet ilimwacha Altezza kwa sekunde nne, na mwenye Altezza si dereva mbaya hata kidogo.

Nilikaa na swali hilo mwezi mzima. Jibu nilipewa na fundi wangu akiwa chini ya gari la mtu, bila hata kugeuza kichwa. "Hapa tuko juu, dada. Hewa nyepesi." Basi. Uwanja wa ndege wa Arusha, pale pale Kisongo, uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Mafundi wana kipimo cha kukadiria: injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa kila inapovuta pumzi inapata hewa pungufu. Kwetu ni kama asilimia 14. Farasi 210 za Altezza ziliandikwa kwa hewa ya pwani. Hapa zinabaki kama 180, na uzito haupungui hata kilo moja. Kwa hiyo si kilo 6.5 tena, ni kilo 7.5 kwa kila farasi. Turbo nayo inapoteza, lakini kidogo, kwa sababu inajisukumia hewa yenyewe.

Tulipata nafasi ya kulipima hilo. Siku moja tulialikwa chini, maeneo ya Boma Ng'ombe, si mbali na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ambako ni mita 894. Madereva wale wale, magari yale yale. Sekunde nne zilipungua zikawa mbili na kidogo. Barabara ni nyingine, sikatai, lakini nilipoziona zile namba kwenye daftari nilizizungushia duara nyekundu mara mbili. Yaani mtu akitoka Dar es Salaam na makundi yake mazuri kabisa, akayaleta Arusha bila kuyagusa, ameshamwonea kila asiye na turbo kabla gari la kwanza halijaondoka.

Msimu uliofuata tukajaribu njia ya mkato: tusipime gari, tupime muda. Kila mtu azunguke mara mbili asubuhi, wanaokaribiana tuwaweke pamoja. Mara ya kwanza ilionekana ni muujiza. Mara ya pili nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kumalizia, saa mkononi, nikaona Subaru ya bluu inatoka kona ya mwisho. Mbele yake kuna mita mia na zaidi zilizonyooka, hakuna sababu duniani ya kugusa breki. Taa mbili nyekundu zikawaka ndani ya vumbi. Zikazima. Zikawaka tena. Alipovuka, hata kofia hajavua, akashusha kioo: "Dada, nimetoka ngapi?" Nikamtajia. Akatabasamu, akasema asante. Alikuwa amepiga hesabu kichwani apate muda wa kundi la chini, na mchana akalikomba kombe la kundi lile kwa tofauti ya sekunde sita.

Sikumpigia kelele. Kanuni yangu ndiyo iliyomfundisha kujificha. Lakini niliifuta wiki ileile, kwa sababu mtu akishazoea kuzuia gari asubuhi, mchezo wote unakuwa wa kuviziana, na anayeumia ni yule mwaminifu aliyekimbia kwa nguvu zake zote tangu mzunguko wa kwanza. Hata wakubwa wanahangaika na udanganyifu. Mwaka 1995 timu ya Toyota iliondolewa kwenye mashindano ya rali ya dunia na kufungiwa kwa miezi 12, baada ya wakaguzi kukuta kizuizi cha hewa kwenye turbo ya Celica kimetengenezwa kwa ustadi ili hewa ya ziada ipite pembeni. Kile kizuizi, pete yenye tundu la milimita 34, kiliwekwa ili magari ya turbo yalingane. Kwetu hatuna wakaguzi wa namna ile. Nina chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Gari likishapimwa, napaka tone moja kwenye kichwa cha boliti zinazoshika turbo. Boliti ikifunguliwa, rangi inapasuka, na siku ya mashindano nainama na tochi kuangalia.

Tulijaribu pia namba za Wamarekani. Wenzetu kule wana mchezo wa kuzunguka koni kwenye viwanja vya lami, na kila kundi limepewa namba, moja au chini ya moja, wanayozidisha na muda wako: ukitoka sekunde 60 na namba yako ni 0.8, unaandikiwa 48. Kwa hiyo gari dogo linaweza kushinda kombe la jumla. Wazo ni zuri sana na nalipenda. Ila zile namba zimetokana na lami yao. Siku moja ya Novemba mvua ya vuli ilituotea katikati ya mashindano, moram ikawa kama sabuni, na Subaru zikashika nafasi zote nne za juu. Siku hizi mvua ikinyesha kombe la jumla halitolewi, makundi peke yake.

Aliyenifungua macho kabisa ni mzee mmoja wa Machame aliyewahi kuendesha rali enzi zake. Nilimfuata Moshi, nikamsalimu, nikamweleza yote nikiwa na daftari langu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wewe kila siku unapima gari na mtu wake kwa pamoja. Utajuaje nani kachelewa, gari au mtu?"

"Sasa nifanyeje, Meku?" nikamuuliza. Meku ndivyo Wachaga wanavyomwita mzee kwa heshima.

"Nipe mimi magari manne. Mimi ni yuleyule."

Akapanda Jumamosi moja, miaka sabini na ushee, na kofia yake ya zamani. Aliendesha Starlet, Altezza, Mark II na Vitz. Vitz niliiazima kwa yule kijana; alikubali kuileta, ila akapanda bodaboda aliyokuja nayo rafiki yake, akakaa hapo bila kushuka. Meku alizunguka mara tatu kwa kila gari, nikachukua muda ulio bora. Starlet dakika 1 na sekunde 43. Altezza 1:47. Mark II 1:51. Vitz 1:53.

Akashuka kwenye Vitz, hakusema neno, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea kama ndizi iliyoiva. Akaniita. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, na mbele kidogo kuna kijiduara chenye tarakimu nne: 3509. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la wiki ya 35 ya mwaka 2009, la theluji, lililokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Kwenye jua la Kisongo vile vijino vyake vinapinda kila unapokata kona, gari linaelea. Ninauza spea, jamani. Nimepita kwenye lile gari mara tatu na kalamu mkononi, nimeandika cc, nimeandika rangi, na tairi sikulitazama.

Tukaazima rimu nne za IST iliyokuwa imeegeshwa pale, zenye tairi nzima za kawaida, matundu yakakubali. Meku akarudi ndani. Dakika 1:49. Sekunde nne zimepatikana kwa kufungua nati 16. Hakuna kitu kingine nilichowahi kukigusa, si cc wala mizani, kilichotoa sekunde nne. Kijana alishuka kwenye bodaboda.

Kuanzia hapo utaratibu wetu ni huu, na nauandika kwa wale wa miji mingine wanaoniuliza. Gari linapimwa mizani, injini inasomwa kwa macho, farasi za asiye na turbo zinakatwa kwa ajili ya mwinuko wa mahali husika, kisha tunagawa kilo kwa farasi. Hilo ni pendekezo tu. Gari geni likija, Meku au mwenzake mmoja asiyeshindana analizungusha mara tatu, na namba ikipingana na barabara, tunafuata barabara. Tairi za theluji haziingii kabisa, na zile za mashindano zinakupandisha kundi moja. Makundi yanabandikwa wiki mbili kabla, na hayaguswi mpaka Aprili, masika yanapotufungia shamba. Atakayeshinda kila mwezi kwa kuwa anajua kuendesha, aachwe ashinde. Nilishinikizwa sana nimpandishe mwalimu tena aliposhika nafasi ya kwanza mara tatu mfululizo, nikakataa, kwa sababu Meku aliliendesha gari lile na najua uwezo wake. Zile sekunde zilizobaki ni za mwalimu mwenyewe, amezitafuta miaka arobaini.

Manung'uniko hayajaisha. Wa Mark II anasema injini yake imechoka, farasi 140 ziliishia bandarini, na huenda anasema kweli. Simpunguzii. Nikianza kupunguza kwa injini iliyochoka, hakuna atakayebadilisha hata plagi.

Kabla ya mashindano ya Juni nilimpigia kijana wa Vitz simu.

"Kundi langu tuko wangapi, dada?"

"Saba."

"Turbo zipo?"

"Hakuna hata moja."

Akaja na tairi mpya mbili za mbele, za nyuma akasema mwezi ujao akipata fedha. Alimaliza wa nne, sekunde moja na nusu nyuma ya wa tatu, na alikuja mezani kuangalia daftari mara tano kwa ile sekunde moja na nusu. Tulipokuwa tunakusanya koni akanirudia tena. Jirani yake ana Aqua, anataka kuingia. Cc 1496, sawasawa na Vitz, lakini kuna mota ya umeme inayosaidia. Itakuwa kundi gani?

Nikamwambia amlete nayo godauni Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla malori hayajaanza kuingia.